Shomoro wa Tano: Suala la Thamani ya Mtu Mbele za Mungu

Utangulizi

Katika Injili mbili za Agano Jipya, Yesu anawauliza wanafunzi wake swali la sokoni. Anawauliza bei ya shomoro. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 10, shomoro wawili huuzwa kwa sarafu moja ndogo. Katika Injili ya Luka, sura ya 12, shomoro watano huuzwa kwa sarafu mbili za aina iyo hiyo. Msomaji mwenye haraka hupita hapo bila ya kuhisi lolote, na hata akiiona tofauti hiyo, aghalabu huihesabu kuwa ni athari ya mapokeo mawili ya simulizi moja. Lakini mtu yeyote aliyewahi kununua mboga katika soko la Wakulima jijini Nairobi, au katika soko la Kongowea kule Mombasa, ataielewa mara moja. Ikiwa wawili ni kwa sarafu moja, basi wanne ni kwa sarafu mbili. Yule wa tano hakulipiwa. Ametupiwa juu ya fungu, kama vile muuzaji atupiavyo nyanya moja ndogo ili mteja aridhike na kurudi kesho. Huyo ni shomoro wa nyongeza.

Makala haya yanakusudia kumfuata shomoro huyo. Swali tunalolizingatia ni la kimaadili kabla ya kuwa la kitheolojia: mtu anapodai kwamba ana thamani mbele za Mungu, anadai nini hasa? Je, hiyo ni faraja tu ya wale ambao dunia imewanyima nafasi? Je, ni majivuno yaliyovikwa joho la unyenyekevu? Au ni dai lenye uzito, linaloweza kumbadilisha yule anayelitoa na jamii inayolisikia? Huenda ikaulizwa mhakiki wa fasihi anatafuta nini katika uwanja wa wahubiri. Jibu letu ni kwamba dai hili limetufikia kwa njia ya taswira, mizaha na masimulizi, na kwamba wengi wanaolitetea, sawa na wengi wanaolikejeli, hawajaisoma taswira yenyewe kwa makini. Tutaisoma kwanza, kisha tutaipima kwa riwaya ya Kiswahili ambayo imelikabili suala hili bila ya woga, yaani Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi.

Bei na Thamani

Sarafu inayotajwa katika matini ya Kiyunani ni asarioni, sarafu ya shaba ya Kirumi iliyokuwa sehemu moja ya kumi na sita ya dinari. Mathayo mwenyewe, katika mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu, anatuonyesha kwamba dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku nzima. Kwa hivyo, tukichukua siku ya kazi ya saa kumi na mbili, shomoro wawili waligharimu jasho la dakika arubaini na tano hivi. Walikuwa kitoweo cha mafukara. Mtaalamu wa Kijerumani Adolf Deissmann, mwanzoni mwa karne ya ishirini, aliyalinganisha maneno haya ya Injili na amri ya bei iliyotolewa na Kaisari Diocletian mwaka 301, ambayo inawataja shomoro kumikumi, na akaonyesha kwamba hao ndio waliokuwa rahisi kuliko ndege wote walioliwa. Tena hawakuwa na heshima ya njiwa, ambaye angalau alikubalika madhabahuni. Shomoro hakufaa hata kuwa sadaka ya maskini.

Tukilifahamu hilo, tunaanza kuiona nguvu ya uteuzi wa taswira hii. Msemaji angeweza kumtaja tai au simba, wanyama ambao ushairi wa Kiebrania umewasifu tangu kale. Badala yake amekwenda kwenye kibanda cha muuza ndege, mahali ambapo uhai umekwisha kugeuzwa bidhaa, na akamchukua yule ambaye hata soko limekata tamaa naye. Kisha anasema kwamba hata huyo hasahauliwi mbele za Mungu. Neno analolitumia Luka ni la kusahau, na tunapaswa kulizingatia. Hasemi kwamba shomoro wa tano ana bei ya siri ambayo wanunuzi hawakuijua. Hasemi kwamba siku moja atapanda bei. Anatoka kabisa katika msamiati wa kununua na kuingia katika msamiati wa kukumbuka. Bei huulizwa kuhusu kitu kinachoweza kubadilishwa kwa kingine, lakini kumbukumbu humhusu mmoja tu, ambaye akipotea hapana wa kushika nafasi yake.

Linalofuata katika matini lina mzaha uliofichika. Wanafunzi wanaambiwa kwamba wao ni bora kuliko shomoro wengi. Wengi kiasi gani? Mia? Elfu? Msikilizaji akijaribu kuikamilisha hesabu hiyo atajikuta anacheka, kwani hakuna idadi ya shomoro ambayo ikirundikwa pamoja italingana na mtu mmoja. Kitenzi cha Kiyunani kinachotumika hapo hubeba maana mbili, kutofautiana na kuzidi kwa ubora. Ulinganisho umetolewa ili ujibomoe wenyewe. Anayetaka kujua thamani yake kwa kujilinganisha anapewa mizani, kisha anaonyeshwa kwamba mizani hiyo haifanyi kazi.

Ni katika mwanga huo ndipo tunapaswa kuisoma kauli iliyo karibu nayo, kwamba hata nywele za vichwa vyao zimehesabiwa zote. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kuliogopa neno kuhesabiwa. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika iliyopitishwa nchini Kenya mwaka 1915, na ambayo utekelezaji wake ulianza baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, ilimlazimisha mwanamume Mwafrika kubeba kipande chenye alama za vidole vyake na kumbukumbu za ajira yake, akikivaa shingoni katika kikasha cha chuma. Huko kulikuwa kuhesabiwa, na kulimfanya mtu awe mkono wa kazi unaoweza kusakwa ukitoroka. Lakini nani ahesabuye nywele? Nywele hazitozwi kodi wala hazilimi shamba. Anayezihesabu hana faida anayoitafuta. Hesabu ya aina hii inafanana zaidi na ya mama anayevitazama vidole vya mtoto aliyezaliwa usiku huo, kimoja baada ya kingine, ingawa anajua fika kwamba ni kumi.

Suala la Kuanguka

Hadi hapa hoja yetu inaweza kuonekana kuwa ni ya kubembeleza tu. Lakini Mathayo hatuachii nafasi ya kubembelezwa. Katika maneno yake shomoro anaanguka. Jambo hili hupuuzwa mno katika mahubiri ya leo, hasa yale yanayoahidi kwamba anayependwa na Mungu atapata gari, visa na afya isiyotetereka. Matini haisemi kwamba shomoro hataanguka. Inasema kwamba haanguki pasipo Baba. Kiyunani kimeliacha hapo, pasipo Baba, bila ya kueleza kama ni pasipo ridhaa yake, pasipo ujuzi wake, au pasipo yeye kuwapo. Watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union, iliyokamilika mwaka 1952, walilijaza pengo hilo kwa kitenzi cha kujua. Uamuzi wao unaeleweka, kwa kuwa Kiswahili hakipendi kuiacha sentensi ikining'inia. Hata hivyo, pengo lenyewe lilikuwa na maana. Mungu ajuaye tu anaweza kuwa kama mtazamaji aliyeketi mbali. Mungu aliyeridhia tu anatutisha. Ama Mungu ambaye pasipo yeye ndege haanguki anaweza pia kuwa ni yule aliyepo pale chini ndege anapoangukia. Matini inaziruhusu maana zote tatu, na imani ya Kikristo, kwa kuusimamisha msalaba katikati yake, imeegemea mno ile ya tatu.

Muktadha wa sura hiyo ya Mathayo unalitilia nguvu jambo hili. Wanafunzi wanatumwa mahali ambapo watashtakiwa, watapigwa na kuchukiwa, na maneno kuhusu shomoro yanafuata mara baada ya kukatazwa wasiwaogope wauao mwili. Kwa hiyo wale wanaodai kwamba fundisho la thamani mbele za Mungu huwalaza wanyonge usingizi, kama Karl Marx alivyodai kuhusu dini kwa jumla katika karne ya kumi na tisa, wana haki ya kuulizwa wamelisoma wapi. Hapa limetolewa kwa watu wanaokwenda kusema ukweli mbele ya watawala. Mtu ambaye thamani yake imo mikononi mwa mtawala hawezi kumpinga mtawala huyo, kwa sababu akinyang'anywa cheo atabaki si kitu. Anayeamini kwamba thamani yake imehifadhiwa mahali ambapo mtawala hafiki ana kitu cha kusimamia.

Kenya imewaona watu wa namna hiyo. Askofu Alexander Muge wa Kanisa la Kianglikana, dayosisi ya Eldoret, alikuwa miongoni mwa viongozi wa dini waliopaza sauti katika miaka ya 1980 wakati wengi walikuwa wamenyamaza. Mwezi wa Agosti 1990 waziri mmoja alimtisha hadharani kwamba akithubutu kuingia Busia huenda asitoke akiwa hai. Alikwenda. Akiwa njiani kurudi, tarehe 14 mwezi huo, alifariki katika ajali ya barabarani. Si kazi ya makala haya kuchunguza chanzo cha ajali hiyo. Tunachokisema ni kwamba hakuepushwa, na kwamba kwa mujibu wa imani aliyoihubiri, kutoepushwa huko hakukuwa ushahidi kwamba amesahauliwa. Mtu anaweza kuikataa imani hiyo. Hawezi kwa haki kuiita usingizi.

Rosa Mbele ya Baraza

Ni rahisi, hata hivyo, kuzungumza juu ya askofu. Askofu akianguka, taifa zima husikia. Shomoro wa tano hasa ni yule ambaye anguko lake halina kishindo. Kwa sababu hiyo tunageukia riwaya ya Kezilahabi iliyotolewa mwaka 1971, ambayo kwa muda ilizuiwa isisomwe katika shule za Tanzania. Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alilelewa katika mazingira ya Kikatoliki na akapitia seminari. Anwani ya riwaya yake ni jina la Bikira Maria katika litania ya Kanisa. Amempa jina hilo msichana ambaye jamii yake itamwona kuwa kinyume kabisa cha Bikira.

Rosa analelewa na Zakaria, baba mlevi ambaye ulezi wake ni wa kumfungia binti mbali na wavulana na kumpiga kikatili kwa sababu ya barua aliyoandikiwa na Charles. Anapotoka kwenda shuleni na baadaye chuoni Morogoro, hana elimu yoyote ya maisha, na uhuru unamwangusha. Wahakiki wengi wameshughulikia malezi katika riwaya hii, na hatukusudii kuyarudia waliyoyasema. Tunataka kuangalia namna Rosa anavyopimwa. Kwa baba yake, yeye ni mali ya kulindwa isichakae. Kwa wanaume wanaomtumia, ni kitu cha starehe chenye gharama yake. Kwa Charles, ambaye hatimaye wanataka kuoana, yeye ni ubikira uliopo au usiokuwapo. Hapana hata mmoja kati ya vipimo hivi kinachomhusu Rosa mwenyewe. Vyote ni bei, na Charles anapogundua kwamba bei imeshuka, anajitoa. Wahenga walisema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua vifaranga huchukuliwa na mwewe. Rosa hakuweza kuishi katika dunia iliyokwisha kumkadiria hivyo. Alijiua.

Riwaya ingeweza kuishia hapo, na ingekuwa riwaya ya kimaadili kama nyingine nyingi: msichana amepotoka, msichana amekufa, wasichana wengine waonywe. Kezilahabi hakuridhika na mwisho huo. Anatupeleka ng'ambo ya kifo, katika baraza la mbinguni, ambapo Rosa na Zakaria wanasimama mbele ya Mungu na kila mmoja anajitetea. Wapo waliokiona kipengele hiki kuwa dosari ya kifani, eti kinaiharibu sifa ya uhalisia ambayo mwandishi ameijenga tangu mwanzo. Sisi tunakiona kuwa ndicho kitovu cha riwaya. Katika maisha yake yote Rosa alizungumziwa na watu wengine: baba alitoa amri, wanaume walitongoza, kijiji kilisengenya. Mbele ya Mungu, kwa mara ya kwanza, anasimama mahali pamoja na baba yake na shtaka lake linasikilizwa. Si lazima tukubaliane kuhusu hukumu ili tuone kwamba kusikilizwa huko kumemrudishia kitu ambacho duniani hakuwa nacho.

Hapa Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Tunaposema mbele ya Mungu, au mbele za Mungu kama ilivyozoeleka katika lugha ya Biblia, tunatumia neno lile lile tunalolitumia tunaposema mbele ya hakimu au mbele ya wazee. Kuwa mbele ya mtu ni kuwa mahali ambapo anakuona na unaweza kunena naye. Kwa hivyo thamani mbele za Mungu haielekei kuwa sifa iliyobandikwa juu ya mtu kama alama ya bei juu ya kopo. Ni hali ya kuwa na mahali pa kusimama na kusemea. Ayubu wa Agano la Kale alilidai jambo hilo kwa sura nyingi. Hakuomba kurudishiwa ngamia wake. Alitaka kusikilizwa.

Mtu na Watu

Pingamizi moja imebaki, nayo ni nzito kwa msomaji wa Kiafrika. John Mbiti, katika kitabu chake kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kilichochapishwa mwaka 1969, alisisitiza kwamba katika fikra za Kiafrika mtu hupata nafsi yake ndani ya jamii na kwa ajili ya jamii. Methali yetu inasema kwamba mtu ni watu. Je, fundisho la Mungu anayemjua mmoja mmoja halimng'oi mtu huyo kutoka katika ukoo wake na kumwacha peke yake na wokovu wake, kila mmoja na Yesu wake binafsi kama kila mmoja na simu yake?

Hatari hiyo ipo, na ibada nyingi za mijini zimekwisha kutumbukia humo. Lakini pia hatuna budi kuuliza swali ambalo watetezi wa utu wa kijumuiya hulikwepa: ikiwa mtu ni watu, ni nani anayeamua nani ahesabiwe miongoni mwa watu hao? Jumuiya hiyo hiyo iliyomlea mtoto wa ndugu imemsukuma pembeni mwanamke tasa, mjane asiyekubali kurithiwa, na mtoto aliyezaliwa na ulemavu. Namagondo ya riwayani ni jumuiya. Haikukosa watu wa kumzunguka Rosa, bali ilikosa sababu ya kumhesabu mara tu alipokosa faida. Jumuiya isiyo na kitu chochote kilicho juu yake cha kuihukumu hugeuka kuwa soko jingine, ambapo mkono mtupu haulambwi.

Ndiyo maana tunaona kwamba sarufi ya kauli ya Luka ni muhimu. Haisemi kwamba shomoro wa tano anakumbukwa kuliko wale wanne. Inasema hakuna hata mmoja anayesahauliwa. Aliyeambiwa hivyo hana la kujivunia mbele ya jirani yake, kwa kuwa jirani ameambiwa neno hilo hilo. Anayetumia thamani yake mbele za Mungu kujikweza juu ya mwingine amerudi sokoni bila ya kujua. Kinyume chake, dai hili likichukuliwa kwa dhati, linampa kila mtu wajibu: ikiwa yule niliyemtupia juu ya fungu anakumbukwa na Mungu, kwa haki gani mimi nimemsahau? Imani ya namna hii haiivunji jumuiya. Inaipanua hadi imfikie yule iliyomwacha nje, na hapo methali ya mtu ni watu inapata utimilifu wake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba dai la kuwa na thamani mbele za Mungu, likisomwa katika taswira iliyolileta, halina maana ya bei ya juu zaidi wala ya kukingwa na maanguko. Lina maana ya kutosahauliwa na ya kuwa na mahali pa kusimama na kusikilizwa. Asiyeamini anaweza kuliona kuwa ni dai ambalo halina wa kulithibitisha, na uhakiki wa fasihi hauwezi kumlazimisha vinginevyo. Lakini hata yeye atabaki na swali la shomoro wa tano. Akimwondoa Mungu katika simulizi hii, kazi ya kukumbuka itabaki bila ya mtu wa kuifanya, na itabidi mwenyewe aibebe au akiri kwamba wapo watu ambao kuanguka kwao hakumhusu mtu yeyote.

Ama anayeamini, naye hajapewa mto wa kulalia. Kila akienda sokoni na kuongezewa kitu kimoja kidogo juu ya fungu alilolilipia, anaweza kujiuliza ni nani katika mtaa wake, katika ukoo wake au katika darasa lake aliyetupiwa hivyo hivyo, na ni lini mara ya mwisho alipolitaja jina la mtu huyo.